Shajara ya bomba la maji moto, Sakina, Arusha

Jumamosi, 14 Juni

Doa limerudi. Lipo palepale kwenye dari ya jipsam ya korido, kati ya mlango wa bafu na jikoni, rangi ya chai ya rangi, upana wa sinia. Mwaka jana lilikuja Juni. Mwaka juzi pia Juni. Mke wangu hakusema kitu. Alichukua beseni jekundu la kufulia, akaliweka chini yake, akaendelea na shughuli zake. Nikaelewa.

Safari hii naandika, kwa sababu mara mbili zilizopita nilitengeneza bila kuandika na sasa sikumbuki nilichofanya. Nakumbuka tu kwamba Julai iliyopita nilipanda darini nikabandika kwenye elbo moja (kiungo cha kona) ile gundi ya chuma ya mirija miwili, na Septemba doa likakauka, nikajisifu mbele ya mashemeji.

Kwa kumbukumbu: tangi la lita 1000 juu ya mnara wa kama mita 4, hita ya lita 50 bafuni, mabomba ya kijani ya PPR (plastiki ya kuchomelea kwa joto) ya nusu inchi nyumba nzima. Bomba la moto linatoka kwenye hita, linapanda darini, linakimbia mita 6 juu ya korido, kisha linashuka kwenye sinki la jikoni. La baridi liko kando yake, rangi ileile. Mimi si fundi. Kazi yangu ni uhasibu.

Jumapili, 15 Juni

Nimepanda baada ya ibada, na tochi ya simu mdomoni. Mlima umejifunika tangu Ijumaa, manyunyu hayaachii, na darini kuna baridi kuliko nje. Jipsam imelowa lakini mabati juu yake ni makavu, kwa hiyo si mvua. Nikagusa tone lililoning'inia kwenye mbao: la baridi kabisa. Nikahitimisha kwamba linalovuja ni bomba la baridi. Nimekaza kila kinachokazika upande huo, nikazungusha tredi tepu mpya kwenye uzi wa koki, nikashuka nimejaa vumbi.

Jumatatu, 16 Juni

Beseni lina maji.

Jumanne, 17 Juni

Fundi anayejenga kwa jirani aliingia mara moja, akatazama juu, akasema, "Hilo ni jasho tu, bosi. Baridi hii mabomba yote yanatoa jasho." Akapokea elfu tano. Nimelifikiria suala la jasho jioni nzima. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji hutoa jasho, kweli, lakini maji ya tangi letu na hewa ya darini vyote vimelala kwenye baridi ileile. Jasho litoke wapi?

Kabla ya kulala nimepanda tena na roli ya toilet pepa. Kila kiungo, cha moto na cha baridi, nimekifunga kipande chake kama bandeji. Viungo kumi na kimoja.

Jumatano, 18 Juni

Saa kumi na moja alfajiri, leo hita imewashwa mapema, koti, soksi mbili, tochi. Simu inasema nyuzi 12. Bandeji kumi ni kavu. Ya kumi na moja, kwenye elbo ambapo bomba la moto linakata kona kwenda jikoni, imelowa na kujishikiza kama ngozi. Ni elbo ileile yenye gundi yangu ya mwaka jana. Nimekwangua gundi kwa kisu: chini yake, pale bomba linapoingia kwenye elbo, kuna ufa mwembamba kama unywele. Nimeupangusa ukakauka. Nikasubiri. Baada ya pumzi kama kumi hivi, ushanga mmoja wa maji ukajitokeza kwenye ufa, ukanenepa taratibu, ukaanguka. Mwingine ukaanza.

Nimeugusa. Wa baridi! Bomba ni la moto, maji ni ya baridi. Ilinichukua mpaka niko kwenye kifodi kwenda kazini ndipo nikaelewa: usiku hakuna anayefungua bomba la jikoni, kwa hiyo maji yaliyolala ndani ya hizo mita 6 yamepoa zamani. Siku tatu nimepoteza kwa kuamini kidole.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeweka bakuli chini ya elbo lenyewe, juu ya dari, ili nipime. Nikawasha hita saa tatu na nusu usiku, kama kawaida yetu. Nikapanda saa nne na nusu: inadondoka. Saa sita kasoro: imeacha. Kavu kabisa. Ndani ya bakuli kuna kama robo tatu ya lita.

Ingekuwa ufa tu, ingedondoka usiku kucha.

Ijumaa hadi Jumapili, 20 hadi 22 Juni

Ijumaa usiku sikuwasha hita. Bakuli kavu. Jumamosi nikawasha: robo tatu ya lita, kidogo juu yake. Jumapili sikuwasha: kavu. Watoto wameoga maji ya ndoo yaliyochemshwa kwa gesi, na mama yao ameniuliza mradi huu unaisha lini.

Jumatatu, 23 Juni

Hesabu, hatimaye jambo ninalolijua. Maji ya tangi wakati huu wa kipupwe nayakadiria nyuzi 15. Thamostati ya hita iko 60. Maji yakipanda kutoka 15 hadi 60 hupanuka kwa karibu asilimia 1.6. Lita 50 mara hiyo asilimia: lita 0.8.

Nimelitazama lile bakuli kwa dakika nzima. Kinachoanguka darini kwangu kila usiku ndicho kile kile hita inachokiongeza ikichemsha. Sasa swali si kwa nini elbo inavuja. Swali ni kwa nini maji hayo ya ziada yanapitia darini.

Jumatano, 25 Juni

Jibu liko bafuni, nililiweka mimi.

Chini ya hita, pale maji ya baridi yanapoingia, kuna kijivalvu cha shaba chenye mkono mdogo na kipua cha pembeni. Sefti valvu. Ndani yake kuna vitu viwili. Cha kwanza kinaruhusu maji yaingie kwenye hita yasirudi nyuma kwenye tangi. Cha pili ni springi: msukumo ukizidi kiwango kilichogongwa kwenye shaba (changu kimeandikwa 0.8 MPa, yaani baa 8), inafunguka na kutema kidogo kupitia kipua. Hita yoyote ya aina hii ikichemsha huku koki zote zimefungwa, kipua hudondosha. Ni kazi yake.

Miaka miwili iliyopita niliona kipua kinadondosha kwenye vigae, nikadhani kimeharibika, nikakifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na bindingi waya. Nilikaza kwa koleo. Nakumbuka niliona fahari.

Tangu siku hiyo maji yaliyopanuka hayakuwa na mlango. Tangi la mita 4 linasukuma kwa baa 0.4 tu, bomba linalizoea hilo. Lakini hita ikiwashwa kila kitu kimefungwa, msukumo unapanda, unapita 0.4, unapita mara kumi ya hapo, mpaka pahali dhaifu kuliko pote paachie. Pahali hapo palikuwa elbo ya korido. Kusema kweli tuishukuru: ingekuwa ngumu, kingetafutwa kitu kingine cha kupasuka, na kitu kinachofuata ni tangi la hita lenyewe, lililo juu ya kichwa cha anayeoga.

Na kwa nini Juni? Kwa sababu Arusha hita tunaiwasha Juni. Kufika Septemba jua limerudi, kila mtu anaoga maji ya bomba, hita inazimwa kuokoa luku, na "nimetengeneza".

Nimekata waya usiku huuhuu. Nilizima breka kwanza, nikasubiri maji yapoe, nikafungua koki ya moto kutoa msukumo, kisha nikakata. Tyubu ilikuwa imeganda kwenye shaba, nikaichuna kwa vipande.

Sijamwambia mke wangu habari ya tangi na kichwa. Nimemwambia nimeona tatizo.

Jumamosi, 28 Juni

Siku tatu korido kavu. Lakini ufa uko palepale, na sitaki kuuachia. Nimekata elbo na kipande cha bomba kama mfano, nimekwenda hadiwea. Hapo ilibidi nifunge maji kwanza, na geti valvu ya chini ya tangi ilizunguka mkononi bila kufunga chochote. Shina limekatika ndani. Kumwaga lita 1000 sikuthubutu, mgao wa mtaa wetu hautabiriki. Nilipanda mnara, nikavua koti, nikaingiza mkono ndani ya tangi mpaka begani, nikipapasa tundu la kutolea maji, nikalisokomezea kitambaa kilichofungwa kamba ili kisimezwe na bomba. Maji ya tangi asubuhi ya Juni mtu asikuhadithie. Kidole cha kati kilirudi na akili yake baada ya chai mbili. Geti valvu nimeitupa, nimeweka bol valvu ya mkono mrefu, robo mzunguko imefunga.

Dukani dada wa kaunta aliligeuza lile bomba mara moja tu.

"Kaka, hili lilikuwa la maji moto?"

"Ndiyo."

"Soma ubavuni."

Imeandikwa PN10, iko wazi, nyumba imesimama miaka tisa sijawahi kusoma. Hiyo 10 ni baa 10 kwa maji ya baridi ya nyuzi 20. Ukilipitisha maji ya nyuzi 60, nguvu hiyo inashuka karibu nusu. La moto linatakiwa PN20, lenye mstari mwekundu. Aliyejenga alinunua aina moja kwa kila kitu. Nikataka nusu inchi ya PN20, dada akakataa. Ukuta wake ni milimita 3.4 kila upande, tundu linabaki 13.2, na kwa tangi la mita 4 jikoni nitapata maji ya kulialia. "Chukua robo tatu, ukapunguze mwishoni kwa rediusa." Robo tatu ya PN20 ina tundu la milimita 16.6, karibu sawa na lile la zamani. Nimechukua mafimbo mawili ya mita 4, elbo, soketi, rediusa mbili, klipu, na sefti valvu mpya. Ya zamani siiamini tena, imenyongwa miaka miwili.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba

Nimekodi mashine ya kuchomelea PPR, elfu kumi kwa siku. Kikaratasi ndani ya boksi lake: nyuzi 260, kwa robo tatu pasha sekunde 7, unganisha ndani ya sekunde 4, acha dakika 2 bila kugusa. Chini yake kuna mstari unaosema hewa ikiwa chini ya nyuzi 5 uongeze nusu ya muda wa kupasha. Asubuhi ile kulikuwa na nyuzi 13. Lakini mimi nilikuwa natetemeka, vidole vimekufa, na mtu anayetetemeka huona kila kitu kina baridi. Nikaongeza. Si nusu. Nilihesabu mpaka 15.

Kiungo kilitoka kizuri, na mashavu mawili ya mviringo kama maandazi. Nikafanya vingine vitatu. Nikafungua maji kujaribu, upande wa jikoni ukatoka uzi. Nimekata kiungo cha kwanza katikati kwa msumeno: plastiki iliyoyeyuka imemiminika ndani na kuziba tundu, pamebaki nafasi ya kupita punje ya mahindi kwa shida. Viungo vinne takatakani, elbo mbili nimetuma boda. Baada ya hapo sekunde 7 kwa saa ya simu, mtoto wa kwanza anahesabu kwa sauti kutoka chini ya ngazi, "sita, saba, toa baba!"

Shida ya pili ilikuwa maji. PPR haichomeleki ikiwa imelowa, na bomba linalotoka kwenye hita lilikuwa linalia tone moja kila dakika hata baada ya kumwaga kila kitu. Niliwahi kusikia mafundi huziba kwa mkate. Nikafinyanga nyama ya slesi moja, nikaisukuma ndani kwa penseli, bomba likanyamaza dakika kumi, nikapangusa na kuchomelea. Inafanya kazi. Kitu ambacho hukumbushwi ni kufungua kichwa cha bomba la mvua kabla ya kufungulia maji. Jioni mke wangu alioga na chembe za mkate.

Jambo ambalo nimelifanya makusudi: misumari. Bomba la zamani lilipigiliwa kwenye mbao kila nusu mita, limebanwa kabisa. PPR hurefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Mita 6, kutoka 15 hadi 60, ni sentimita 4. Kila jikoni walipofungua maji moto, bomba lilitaka kurefuka sentimita 4 likakosa pa kwenda, likaisukuma elbo. Likipoa, likaivuta. Safari hii klipu ni za kulegea, na kwenye kona nimeacha mkono wa kama sentimita 60 haujashikwa na kitu, ucheze.

Saa mbili usiku nimewasha. Sefti valvu mpya imeanza kutema baada ya nusu saa. Nimeivalisha mpira mwembamba unaotoka nje kupitia tundu la dirisha, unaelekea chini, mwisho wazi. Chini yake chupa.

Jumamosi, 12 Julai

Shemeji, mdogo wa mke wangu, ameshuka kutoka mlimani. Ni mpagazi upande wa Kilimanjaro, Julai ndiyo msimu wao. Amekuta nimefungua kimfuniko cha darini nikamwonyesha kazi. Amesikiliza habari ya maji kupanuka, akacheka. Kambi ya Kibo, mita 4,720, hakuna maji, wanayabeba kutoka chini, na usiku wa kwenda kileleni wanaweka chupa kichwa chini miguu juu, kwa sababu barafu huanzia juu. Ukigeuza chupa, mdomo unabaki wazi. Chupa iliyojaa pomoni hupasuka, maji yakiganda huongezeka karibu asilimia 9. Huko yanapasua kwa kuganda, kwangu yalipasua kwa kupashwa.

"Sasa shemeji, hili bomba umeliacha uchi hivi?"

Kweli. Mita 6 za maji moto darini, zinapoa kabla ya kufika kwenye vyombo. Alikwenda kwenye begi lake akarudi na godoro lake la sponji la kulalia kambini, lile jembamba la kukunja, limeungua pembeni na jiko. Tumelikata vipande kwa mkasi wa jikoni, tukalivalisha bomba, tukafunga kwa vipande vya ile tyubu ya baiskeli iliyobaki stoo. Sasa tyubu imepata kazi halali. Bado limebaki na harufu ya mafuta ya taa na soksi.

Nilipima tofauti kwa njia ya kizamani: kuhesabu. Kabla ya sponji, nusu saa baada ya kuosha vyombo, bomba la jikoni lilitoa maji ya baridi sekunde 25 kabla ya kugeuka. Sasa baada ya nusu saa yanatoka vuguvugu tangu mwanzo. Usiku mzima haisaidii kitu. Asubuhi yamepoa vilevile.

Jumapili, 20 Julai

Sinki la jikoni limeziba, tofauti na mradi lakini niandike. Jana kulikuwa na supu ya mbuzi ya wageni. Mafuta ya mbuzi kwenye baridi hii yanaganda kabla hayajafika nje. Nilifungua kile kikombe cha chini ya sinki, nikakikuta kimejaa mshumaa mweupe. Nikautoa kwa kijiko, nikaosha kwa maji moto ambayo, niseme, yalifika upesi.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Mwezi mzima. Nimekata kipande cha jipsam chenye doa, nimeweka kipya, bado hakijapakwa rangi kwa sababu baridi hii putty haikauki, inabaki kama uji. Bandeji zangu za toilet pepa bado ziko darini kwenye kila kiungo na ni kavu.

Chupa ya nje nimeipima mara tisa. Kima cha chini ml 700, cha juu 820. Siku ya 820 nadhani tangi lilikuwa na baridi zaidi. Mke wangu anayatumia kumwagilia mnavu. Kila Jumamosi nainua kale kamkono kadogo ka valvu, inatema mara moja kwa nguvu, naishusha.

Leo asubuhi jirani amesimama dirishani kwetu akiangalia mpira unaodondosha. Amenihurumia.

"Jirani, hii valvu yako imekufa. Yangu ilifanya hivihivi mwaka jana, nikaiziba. Nina kipande cha mpira nyumbani, nikuletee?"

Nimevaa koti, nimechukua koleo, natoka naye sasa hivi.